Karatasi Kwenye Bafu la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini mkuu wa kikosi alinikabidhi karatasi ya chooni. Roli nzima, nyeupe, bado imefungwa kwenye plastiki yake. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi miezi michache tu kabla yake, nina diploma ya umeme na viatu nilivyovipiga rangi tangu alfajiri, nikitarajia kupewa bisibisi au angalau ngazi. Tulikuwa ndani ya ghala huko Anderlecht, Brussels, ambako kampuni ya kusafisha mabomba ya hewa iliegesha magari yake. Mkuu wa kikosi, Mbelgiji mfupi wa upande wa Charleroi mwenye masharubu ya njano kwa sigara, aliniongoza hadi chooni bila kueleza neno.

Alichana kipande, akakiinua mpaka kwenye tundu la hewa juu ya mlango, akaondoa mkono. Karatasi ikabaki pale pale, imeng'ang'ania chuma. Akaniambia, "Unaona? Inavuta." Kisha akanipeleka chumba cha kubadilishia nguo, ambako feni ya ukutani ilikuwa ikinguruma hadi ukuta unatetemeka. Akafanya vile vile. Karatasi ikadondoka miguuni mwangu.

"Kupiga kelele siyo kufanya kazi," alisema. "Nina binamu wa namna hiyo pale ofisi kuu. Usisikilize feni, kijana. Usimsikilize hata mwenye nyumba. Weka karatasi."

Nilicheka, naye akacheka, na nikadhani nimeshaelewa. Laiti ningelielewa.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna vipimo vinavyozungumza na simu zenu, na ni vizuri. Ila ningependa mjue tulianzia wapi. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo hakuna aliyejiuliza hewa inapita wapi, kwa sababu ilipita kila mahali: chini ya mabati, kwenye nyufa za madirisha, kwenye mlango uliokuwa wazi mpaka tunalala. Nilipofika Brussels nikapanga chumba kimoja, kila asubuhi dirisha lilikuwa linalia machozi kwa ndani. Niliamini kabisa kwamba mvua ya nchi hii ina nguvu ya kupenya kioo. Nikaziba pembe zote kwa gazeti. Dirisha likalia zaidi.

Nilipomweleza mkuu wa kikosi, hakunicheka. Alitoa chupa ya bia kwenye friji, akaiweka mezani, tukaitazama mpaka ikalowa. Akaniuliza, "Imevuja?" Nikasema hapana. "Basi maji yametoka wapi?" Nilifikiri muda mrefu, kwa sababu swali lilinipendeza. Yametoka kwenye hewa ya chumba, maana hewa yenye joto hubeba maji usiyoyaona, na ikigusa kitu baridi inayaachia. Dirisha langu ndilo lilikuwa chupa. Mvua ilikuwa mimi mwenyewe: pumzi yangu, chai yangu, soksi zangu juu ya kipasha joto. Jioni ile nilitoa magazeti yote, nikafungua dirisha wazi kwa dakika kumi huku nimevaa koti. Asubuhi kioo kilikuwa kikavu, nami nilifurahi kama mtu aliyefumbua fumbo la shule.

Tangu siku hiyo udadisi haukuniacha. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla ya kumjulia hali, jicho linakwenda kwenye pembe za dari. Mke wangu Odette amenifinya mara nyingi kwa tabia hiyo.

Kutoka ghalani nilihamishiwa kwenye mnara mmoja wa maofisi karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, kuhudumia mashine za hewa ghorofa ya juu kabisa. Mkubwa wetu alikuwa mhandisi wa jengo, mama mmoja mkali aliyetembea na penseli nyuma ya sikio na ambaye hakuvumilia maneno ya jumla. Ukimwambia chumba fulani kina unyevu, anakukatiza.

"Usiniambie kina unyevu. Niambie hewa imeingilia wapi, imepitia wapi, imetokea wapi."

Kwake nilijifunza safari ya hewa. Huingia kwenye vyumba vikavu, pale mnapokaa na kulala, kupitia vitundu vya juu ya madirisha. Hupita chini ya milango, ndiyo maana mlango wa ndani haufai kugusa sakafu. Huachwa nafasi ya kidole. Kisha hutokea kwenye vyumba vya maji, jikoni na bafuni, ikiwa imebeba mvuke wote. Ukiziba mwanzo, mwisho hauna cha kuvuta. Ukiziba mwisho, mvuke unarudi kutafuta mahali pengine pa kulala, na kwa kawaida huchagua ukuta wenye baridi nyuma ya kabati lenu.

Baada ya miaka mingi ya mashine nilitamani watu. Nikaomba kazi katika shirika moja la nyumba za kupangisha za bei nafuu, tena huko huko Anderlecht, nikawa mkaguzi wa unyevu. Mkubwa wangu alikuwa mkuu wa matengenezo, tuliyemwita Madame tu, mwanamke mwenye subira na meza iliyojaa mafaili. Kazi ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba na kipima unyevu na ngazi ndogo, kutafuta kuvu imetoka wapi, na kuandika ripoti. Ofisi ilitenda kufuatana na ripoti hiyo. Neno lako ndilo lililoamua kama mpangaji atatengenezewa nyumba au atafundishwa adabu.

Niliona mengi. Matambara yaliyosokotwa ndani ya vitundu vya madirisha kwa sababu "vinaleta baridi". Nguo za watoto watano zikikauka sebuleni. Sufuria ya pondu, majani ya muhogo, ikichemka bila kifuniko tangu asubuhi. Nilikaa nao, nikala pondu hiyo, nikawaonyesha: funika sufuria, funga mlango wa jikoni ukipika, fungua dirisha wazi dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni badala ya kuliacha nusu wazi mchana kutwa, sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. Wengi walinisikiliza kwa sababu nilikuwa wa kwao. Kule Matonge, mtaa wetu Waafrika, kwenye saluni na kwenye maduka ya makayabu, samaki wa chumvi, walinibatiza Papa Humidité, Baba Unyevu. Nilijifanya jina hilo linanikera. Kusema kweli nililipenda.

Ndipo likaja faili la Maman Véronique.

Maman Véronique ni mdogo wake mama mzazi wa Odette, kwa hiyo ni mama mkwe wangu, na tangu mama yake Odette afariki ni yeye peke yake aliyebaki kwenye nafasi hiyo. Aliishi ghorofa ya tano, ya mwisho, katika jengo mojawapo la shirika letu lenye lifti. Kila Alhamisi mchana kundi la maombi lilikutana sebuleni kwake: akina mama kumi na wawili hivi, na mzee mmoja, Tonton Sylvain, fundi wa zamani wa reli aliyekuja kwa metro na fimbo yake na kuimba sauti ya chini hadi vikombe vinatetemeka. Madirisha yalifungwa, kwa kuwa jirani mmoja aliwahi kulalamikia nyimbo. Kwa wengi wao ile ndiyo siku pekee ya wiki waliyozungumza na mtu. Sasa ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa mweusi, naye alikuwa ameanza kukohoa.

Madame alitazama jina, akanitazama mimi.

"Ni jamaa yako?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Basi mpe mwenzako faili."

Nilikataa. Nilisema mtu mwingine akienda ataandika kwamba Waafrika wanapika sana. Mimi nawajua, nitamtendea haki. Madame aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliniamini.

Nilikwenda siku ya Alhamisi, makusudi. Waliimba, nami nikasimama katikati ya sebule na kipima unyevu nikiona namba inapanda ubeti kwa ubeti. Vioo vilikuwa vinachuruzika. Jikoni sufuria mbili zilikuwa motoni. Nilishika mantiki yangu kama mtu aliyeshika kuku kwa mabawa: watu wengi, pumzi nyingi, madirisha yamefungwa. Zilibaki sehemu mbili za kukagua, chumba cha kulala na bafu.

Vijana wa hapa watacheka, lakini ninyi mliolelewa na wazazi wa Katanga mtanielewa. Mkwe haingii anapolala mama mkwe wake, sembuse anapooga. Mimi hata mkono sikumpa Maman Véronique. Tulisalimiana kwa mbali, macho chini. Nilisimama kwenye korido, mlango wa bafu umbali wa hatua tatu, ngazi begani, roli ya karatasi mfukoni. Mwili ulikataa kabisa.

"Maman," nikauliza habari ya tundu la hewa la bafuni huku nikitazama zulia, "ile grille ya douche, inavuta?"

"Inavuta, mukwe. Iko inalia muchana yote. Minaisikia mpaka mu cuisine, ku jiko."

"Na ukuta ya chambre ya kulala?"

"Minapanguza na dawa ya javel, inarudia. Minapanguza tena, inarudia tena. Donc mi sijue tena."

Niliisikia mwenyewe, feni ikinguruma nyuma ya mlango. Nikaandika kwenye fomu: bafu, hewa inavuta. Chini yake nikaandika chanzo: mikusanyiko ya watu wengi, madirisha yakiwa yamefungwa. Nikatia sahihi.

Ofisi ilituma barua. Mikusanyiko isimame mpaka ukuta ukauke. Nakala ilibandikwa kwenye lango la chini, karibu na masanduku ya barua, ambako kila mtu aliisoma. Maman Véronique hakubishana. Alimwambia Odette kwa simu, "Mukwe njo anajua kazi yake," akakunja viti. Baadhi ya akina mama walihamia ukumbi mmoja huko Matonge, lakini wenye magoti mabovu hawakuweza ngazi zake. Tonton Sylvain alikwenda mara moja tu.

Majira ya baridi yalipita. Nilitarajia ukuta ukauke, na kila nilipomuuliza Odette habari za mama mdogo wake nilikuwa natafuta habari ya ukuta. Ukuta haukukauka. Ulizidi. Mtu mmoja, mwanamke mzee, peke yake, anapikia sufuria moja, na nyumba inalowa kuliko ilipokuwa na watu kumi na watatu! Hesabu ilikataa. Nilikuwa kwenye metro nikaanza kumwuliza mhandisi wa penseli kichwani mwangu, naye akanijibu kama zamani: imeingilia wapi, imepitia wapi, imetokea wapi? Imetokea wapi. Nilishuka kituo ambacho hakikuwa changu.

Kesho yake nilimweleza Griet, mwanamke Mbelgiji wa Kiflemi, mwenzangu wa idara tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Umejuaje kwamba bafu linavuta?" aliniuliza.

"Aliniambia."

"Nani?"

"Mama mkwe."

Griet alinitazama. "Kwa hiyo hukuingia."

Aliingia yeye. Mimi nilibaki koridoni kama mara ya kwanza. Alitoka na kipande cha karatasi mkononi, uso hauna mzaha. Hakikudondoka tu, alisema, kilirushwa. Lile tundu halikuvuta hewa. Lilikuwa linapuliza.

Tulipanda juu ya paa. Nyumba zote za mstari ule, kutoka chini hadi juu, zilitoa mvuke wa mabafu yao kwenye bomba moja la pamoja linaloishia paani. Mafundi waliokuja kubadilisha ngozi ya lami inayofunika paa mwaka uliotangulia walikuwa wametandika ngozi mpya juu ya mdomo wa bomba, wakaugandisha vizuri sana. Ulionekana kama uvimbe mdogo tu. Kwa hiyo kila mtu alipooga chini, mvuke ulipanda, ukakuta mlango umefungwa, ukarudi ukatokea mahali pa karibu zaidi: bafu la ghorofa ya tano. Mama mkwe wangu alikuwa anakohoa unyevu wa majirani zake wanne, akiwemo yule aliyelalamikia nyimbo.

Nilichana ile ngozi kwa kisu. Hewa ya moto ikanipiga usoni, ina harufu ya sabuni. Nikakaa chini juu ya paa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na katikati ya aibu hiyo hiyo, niwaambie ukweli, nilikuwa bado nashangaa jinsi mvuke ulivyokuwa mwerevu.

Madame alisema niandike kasoro ya paa, imetosha. Niliandika kasoro ya paa, na chini yake nikaandika kwamba mkaguzi hakuingia bafuni, na kwamba ripoti yake ya kwanza ilikuwa ya uongo. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Hili la pili hakuna aliyelidai." Nikamwambia yupo anayelidai.

Nilidhani barua mpya ya ofisi itamaliza mambo. Odette hakukubali.

"Barua ya kwanza ilisomewa bantu bote pale chini," alisema. "Alors na weye utasema mbele ya bantu. Na hauende mikono mitupu. Unapeleka pagne na kuku. Ni mama mukwe, haiko copine yako."

Basi nilinunua kitenge na kuku Matonge, na Alhamisi ya kwanza baada ya bomba kufunguliwa akina mama walirudi. Niliwahesabu wakiingia, kumi na mmoja, kumi na wawili. Nikasubiri kusikia fimbo ya Tonton Sylvain nje ya mlango.

"Munamungojea Tonton?" aliuliza Maman Véronique. Alijua namngoja nani, lakini hakujua kwamba mimi sina habari. "Tulimuzika kabla ya Pasaka. Odette hakukuambia?"

Odette aliinamisha kichwa. Alikuwa ameniambia kwamba mzee mmoja wa kundi amefariki, nami sikuuliza ni nani. Nilikuwa nafikiria ukuta.

"Ku hôpital alikuwa anauliza kila siku," aliendelea Maman, taratibu, bila kunilaumu. "Anasema: Véro, ukuta ilikauka? Juu alitaka kurudia. Mi minamujibu: bado, Tonton, bado kidogo."

Nilisimama mbele yao na kuku mkononi, nikasema yote. Kwamba haikuwa nyimbo. Haikuwa pumzi zao. Kwamba kweli wafungue vitundu vya madirisha wanapokusanyika, lakini ukuta haukuharibiwa nao, na kwamba mimi mwenye kazi sikutimiza kazi kwa sababu ya hatua tatu za korido. Nikarudia mara ya pili. Mama mmoja alilia. Mwingine alisema, "Papa Humidité!" na sikulipenda tena jina hilo.

Maman Véronique alipokea kitenge. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulitarajia. Alinyoosha mkono kuelekea korido.

"Ingia mu douche."

"Maman, hapana."

"Minakupa ruhusa, mbele ya bantu bote. Heshima yako ilinikalisha peke yangu hiver nzima, baridi yote. Ile heshima minaitoa leo. Ingia, mukwe."

Niliingia. Ilikuwa bafu kama mabafu mengine yote niliyoyaona maishani: taulo la bluu, ndoo, sabuni ya kipande. Nilipanda ngazi, nikainua karatasi, nikaondoa mkono. Ikashika. Nilikaa pale juu muda kidogo nikiitazama, kwa sababu sikutaka kutoka waone uso wangu.

Sasa nimestaafu. Walinipa saa ya ukutani, na Madame alitoa hotuba fupi isiyotaja ghorofa ya tano. Vijana huniuliza ni chombo gani nilichokiamini zaidi, nami huwaonyesha roli. Lakini siwaambii tu habari ya roli. Nawaambia kila mmoja wetu ana mlango wake asiopenda kuufungua; kwa mwingine ni wa mkubwa, kwa mwingine ni wa mtu anayemwogopa, kwangu ulikuwa wa mtu niliyemheshimu. Ujue mlango wako ni upi kabla hujatia sahihi. Na kama huwezi kuingia, mpe Griet faili.

Ukuta wa Maman ulikauka kabla majani hayajaanguka. Kikohozi kilichelewa, nacho kikaondoka. Siku za Alhamisi mimi pia nahudhuria, ingawa siimbi vizuri, na sauti ya chini haijapata mtu. Kabla ya sala ya kwanza nafungua vitundu vya juu ya madirisha, nachana karatasi, naelekea korido. Akina mama wananingoja. Maman Véronique haulizi kama inavuta. Hajawahi kuuliza hivyo tena.

"Mukwe, uliingia?"

"Niliingia, Maman."

Hapo ndipo wanaanza kuimba.